Makumbusho ya Airborne pale Fayetteville: nilimpeleka mzee wangu, na hatimaye akaongea

Nianze na lile ambalo watu huniuliza kwanza: kuingia ni bure. Airborne & Special Operations Museum, yaani makumbusho ya wanajeshi wa miavuli na vikosi maalumu, pale mjini Fayetteville, North Carolina, karibu na stesheni ya treni na jirani kabisa na uwanja wa besiboli wa Segra. Hununui tiketi, unaingia tu, na ukipenda unaacha mchango. Nyota nimeweka tano. Sasa wacha nieleze kwa nini, na itakuwa ndefu mnivumilie, kwa sababu hapa si pahali pa kuandika "pazuri, pasafi, watu wakarimu" halafu uende zako.

Mimi nilitumikia hapa kwenye kambi ya jeshi ya Fort Bragg miaka sita kama fundi wa kukunja miavuli ya kurukia, wale mnawaona na kofia nyekundu. Nilipotoka jeshini nikabaki hapa hapa na mume wangu na watoto. Haya makumbusho nimepita nje yake sijui mara ngapi, na ndani niliwahi kuingia mara moja tu na kikosi, tukazungushwa haraka haraka, tukapiga picha, tukaondoka. Kilichonirudisha mwezi uliopita ni baba yangu.

Mzee ana miaka 71 na alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kenya. Naye alikuwa mwanajeshi wa miavuli, 20 Para ya jeshi la Kenya, tangu ujana wake mpaka akastaafu. Sisi watoto tumelelewa kwa kota za kambi. Tulijua ile bereti yake ya rangi ya damu ya mzee, tulijua buti zake haziguswi, tulijua siku ya kuruka asubuhi haongeleshwi. Basi. Hadithi hakuna. Ukimuuliza baba, kuruka kulikuwaje, anakwambia "ilikuwa kazi" halafu anaongeza sauti ya redio. Hata vile mimi nilijiandikisha jeshi la Marekani nikampigia simu kumwambia baba na mimi wananipeleka shule ya kuruka, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Weka miguu pamoja," akampatia mama simu.

Kwa hivyo nilimpeleka nikijua atatembea kimya, ataangalia, tutarudi nyumbani. Sikutarajia kitu kingine.

Nje kabla hujaingia kuna ile sanamu kubwa ya mwanajeshi na bunduki yake, Iron Mike, ina zaidi ya futi 15. Watu wengi hupiga selfi hapo wakiamini ni ya shaba. Hii ndiyo ile ya asili iliyokuwa kambini miaka mingi, na imetengenezwa kwa vipande vya poliesta vilivyochovywa kwenye gundi nzito ya epoksi. Kule Bragg waliweka nyingine ya shaba ndiyo hii ikaletwa hapa mjini. Na aliyeichonga mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni mama, Leah Hiebert, mke wa kasisi wa kambi. Nilipomwambia mzee hivyo akaizunguka mara ya pili, akasema, "Huyu mama alikuwa akiwatazama hawa vijana kila siku, ndio maana uso ameupata." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza marefu siku hiyo, na hatujafika hata mlangoni.

Ukiingia, ukumbi wa mbele dari yake iko juu sana na kuna miavuli miwili imening'inizwa ikiwa imefunguka, mmoja wa duara wa enzi za vita vya pili vya dunia na mwingine wa mstatili wa kisasa wa wale wanaoruka kutoka juu sana. Jamani, msipite hapo mkikimbilia vifaru. Simameni. Mzee alisimama chini ya ule wa duara, akavua kofia, akainua shingo, na akakaa hivyo mpaka nikaanza kuogopa kwamba kizunguzungu kitampata. Nikamshika mkono. Akaniambia bila kuteremsha macho, "Mama, huu ukiufuata na macho hivi unahesabu nini?" Nikamwambia kamba, baba, unaangalia kama kuna kamba imepita juu ya kitambaa. Akatikisa kichwa. "Hiyo ndiyo nilikuwa nikiangalia kwanza. Kila mara. Kabla ya kuangalia chini, kabla ya kuangalia wenzangu."

Hapo ndipo ilianza.

Kulikuwa na mzee mwingine kwenye benchi karibu, Mmarekani mweusi mwenye kofia ya brigedi ya 173 ya wanajeshi wa miavuli, amekuja na mjukuu wake. Alisikia Kiswahili akauliza tunatoka wapi, nikamwambia baba yangu aliruka Kenya. Yule mzee akainuka. Kumbe yeye aliruka Vietnam mwaka 1967, na wale wanaoijua historia wanajua hiyo vita ilikuwa ya helikopta, kuruka na mwavuli kwa kikosi kikubwa cha Wamarekani kulitokea mara moja tu, Februari 22 mwaka huo, Operesheni Junction City. Baba akasimama wima akamwita "afande", nami nikabaki kuwa mkalimani, ingawa baada ya dakika kumi hawakunihitaji tena, walikuwa wanaongea na mikono.

Walibishana juu ya kuhesabu. Nieleze kwa wasiojua: kwa miavuli ya jeshi ya kawaida huvuti kitu chochote, kuna kamba imefungwa kwenye waya ndani ya ndege, ukitoka mlangoni ndiyo inakuvutia mwavuli. Kazi yako ni kuhesabu. Ukimaliza hesabu na hujasikia mvuto, unafungua ule wa akiba ulio kifuani, na huna muda wa kufikiria. Baba alifundishwa kuhesabu "elfu moja, elfu mbili, elfu tatu" halafu unakagua juu, kwa mtindo wa Waingereza. Yule mzee wa 173 akasema ni elfu nne, kila mtu anajua ni elfu nne. Wakanigeukia mimi. Nikawaambia mimi niliruka na mwavuli wa T-11, ule mpya ulioondoa T-10, na sisi tulihesabu mpaka elfu sita, maana unafunguka polepole zaidi na haukukati kiuno. Wazee wawili wakaniangalia kama mtu aliyesema uongo kanisani. Sita? Baba akasema, "Kufika sita mimi nilikuwa nimeshaanza kusali."

Ndani sasa maonyesho yanafuata miaka, yanaanza 1940 na kile kikosi cha majaribio cha Fort Benning, Georgia, wanaume 48 chini ya Luteni William Ryder. Hawa walipelekwa mpaka Hightstown, New Jersey kwa sababu huko kulikuwa na minara mirefu ya kushushia watu na mwavuli, na baadaye jeshi likajijengea yake pale Benning. Waliruka mara ya kwanza Agosti 16, 1940, ndiyo maana haya makumbusho nayo yalifunguliwa Agosti 16, 2000, miaka 60 kamili. Hapo nikamsimulia mzee habari za yule askari aliyeshinda kura ya kuwa wa kwanza kuruka baada ya Luteni, akafika mlangoni akaganda, akapewa nafasi nyingine akaganda tena, na mwingine akachukua nafasi yake kwenye historia. Nilidhani baba atasema kitu kikali. Akasema kwao pia walikuwepo, na aliyekuwa karibu naye siku yake ya kwanza mwaka 1977, ndani ya ndege ya Caribou, alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko wote kambini, anabeba mifuko miwili ya mchanga wengine wakibeba mmoja, na mlangoni miguu ikakataa. "Hakuna aliyemcheka," akasema. "Tulirudi tukamkuta ametuwekea maji ya kuoga. Watu wote. Ndoo baada ya ndoo."

Miaka yangu yote sikuwahi kusikia hiyo ndoo ya maji. Nilikuwa natazama kioo cha maonyesho lakini sikuona kitu.

Wale waliosoma shule ya kuruka ya Benning mtaona mambo mengi mnayoyajua. Wiki tatu: ya kwanza chini, ya pili minara, ya tatu ndege, unaruka mara tano ndiyo upate beji. Baba alitaka kujua wananifundishaje kuanguka, nikamwonyesha pale pale, nyayo, kigimbi, paja, tako, ubavu, unajiviringisha ili pigo ligawanyike lisikae pahali pamoja. Akanisahihisha magoti! Mzee wa miaka 71 katikati ya makumbusho, amebana miguu, magoti yamekunjwa kidogo, kidevu kifuani, viwiko mbele ya uso, na mtoto wangu mdogo kando yake anaiga. Mama mmoja anayejitolea pale, mwenye beji ya makumbusho, alisimama akingoja amalize ndiyo apite. Hakumkatiza. Hicho kitu kidogo nimekiweka moyoni.

Kwa mimi sehemu iliyonishika zaidi ni miavuli yenyewe, ile iliyokunjwa na ile iliyo wazi. Ukiwa umekunja miavuli kwa miaka, macho hayaendi kwa bunduki, yanaenda kwenye mikunjo. Pale mwanzo wa vita hata wanafunzi wa kuruka walikunja wenyewe ule watakaorukia, hiyo ilikuwa sehemu ya mafunzo. Baadaye kazi ikaachiwa mafundi. Nikamweleza baba kazi yangu ilivyokuwa: meza ndefu, T-10 una kamba 30 na hakuna hata moja inayoruhusiwa kuvuka mwenzake, unakunja kitambaa pande kwa pande, mtu anakuja kukagua kabla hujaenda hatua inayofuata, mpaka mwisho unaandika jina lako kwenye kile kitabu kidogo kinachokaa na mwavuli. Na kiapo chetu kinasema utakunja kila mwavuli kana kwamba ni wewe utakayeruka nao, na lazima uwe tayari kuruka na wowote uliotia saini. Kauli yetu ni "nitakuwa na uhakika daima". Mikono yangu mpaka leo ina ngozi ngumu hapa kwenye kidole cha shahada kwa ajili ya zile mpira na kamba.

Baba aliuchukua ule mkono akaugeuza, akakitazama hicho kidole vile daktari anatazama. Akasema, "Mimi miaka yote sikuwahi kumjua aliyenikunjia. Hata mmoja. Nilishuka, nikakusanya mwavuli, nikaurudisha, nikaenda nyumbani kwenu." Halafu akanyamaza tena, ila safari hii haikuwa ile kimya ya redio.

Tukakaa kwenye benchi. Ushauri wangu mkubwa wa hii riviu nzima ndio huu: ukimleta mzee aliyetumikia, kaa kwenye mabenchi. Usimkimbize na ramani. Hapo kwenye benchi ndipo aliniambia habari za mama. Kota zetu zilikuwa pande ambayo siku nyingine ungeona miavuli kwa mbali ikishuka. Mimi nakumbuka mama akianua nguo nje siku ambazo hazijakauka, nilikuwa nadhani anaogopa mvua. Kumbe alikuwa anahesabu. Alikuwa ameambiwa na mke wa sajini mmoja watu wangapi wanaruka kila ndege ikipita, basi anasimama na beseni anahesabu vitone vyeupe mpaka idadi ifike, ndiyo anaingia ndani. Ikipungua mmoja anabaki nje. Hawezi kujua yupi ni yupi kwa umbali ule, lakini idadi ikitimia basi na wake yumo. Baba alikuja kujua baada ya miaka, siku moja alirudi akamkuta bado nje na jua limezama, kumbe ndege moja iliahirisha kuwashusha wawili sababu ya upepo na yeye hakuwa na habari.

Nikamwambia baba kwamba mume wangu alikuwa vivyo hivyo. Nikiwa na mruko wa usiku pale Sicily (huo ni uwanja wa kushukia hapa Bragg, usifikirie Italia), analala na simu mkononi mpaka aone ujumbe wangu wa maneno mawili, "niko chini". Mara moja simu yangu iliisha chaji, nikafika nyumbani saa kumi usiku nikamkuta ameketi kwenye ngazi za nje amevaa koti. Watu huhesabu miaka ya utumishi kwa aliyevaa kombati peke yake, na mimi sikubali.

Turudi kwa makumbusho. Mambo mengine nitayapitia haraka. Kuna ndege ya C-47, ile iliyowabeba wanajeshi wa miavuli Normandy, na kuna glaida ya Waco, ndege isiyo na injini, na ukiona jinsi ilivyo, vyuma vyembamba na kitambaa na mbao, utawaheshimu wale waliopanda ndani maana hao hawakupewa hata mwavuli. Kuna helikopta ya Huey upande wa Vietnam, yule mzee wa 173 alikaa hapo muda mrefu na mjukuu wake na sisi tukawaachia nafasi. Kuna kifaru cha Sheridan, na hapo nilimshikilia baba kwa sababu kushusha vitu vizito na miavuli ni kazi ya mafundi wenzangu. Vifaru kama hivyo vilishushwa kutoka angani Marekani ilipovamia Panama Desemba 1989, usiku, na mtu akikunja vibaya mwavuli wa kifaru hakuna wa akiba.

Nikamsimulia pia habari za batalioni ya 555, wale Triple Nickles, askari weusi walioanza mafunzo Benning mwanzoni mwa 1944 wakati jeshi bado lilikuwa limetenganisha watu kwa rangi. Walitamani kupelekwa vitani Ulaya, wakapelekwa Oregon mwaka 1945 kuruka kwenye misitu na kuzima moto, kwa sababu Wajapani walikuwa wakirusha maputo yenye mabomu yavuke bahari. Wanaruka juu ya miti mirefu, na kamba ya kujishushia kutoka juu ya mti. Mmoja wao, Malvin Brown, mtu wa huduma ya kwanza, alianguka kutoka mtini akafa Agosti 6 mwaka huo. Mzee aliniuliza kama familia yake ilipewa heshima yake. Sikuwa na jibu la kutosha, na hilo swali nimelibeba mpaka leo. Kama una watoto weusi wanaokua hapa Marekani, wasimulieni habari ya hao watu.

Mambo ya vitendo sasa. Jipe masaa matatu, sisi tulipanga moja na nusu tukatoka karibu na kufunga. Siku za wiki asubuhi ni shwari, unaweza kuongea bila kupaza sauti. Jumatatu kwa kawaida hapafunguliwi kwa hivyo angalia saa zao kwenye tovuti kabla hujawasha gari, na kama kuna mechi hapo Segra wahi mapema sababu ya paki. Sakafu ni tambarare, mzee mwenye bakora anatembea vizuri. Watoto wadogo sana wanaweza kushtuka kwenye sehemu za vita maana kuna giza na milio, wangu wa miaka minne alinishika sketi lakini hakulia. Duka la ndani lina beji na fulana na vitabu, baba alichagua kibandiko kimoja cha mwavuli wenye mabawa, akakiweka kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Na kama mzee wako hasemi, usimuulize "uliogopa?" Mimi nilimuuliza hivyo tangu utotoni na sikuwahi kupata kitu. Muulize aliruka na ndege gani. Muulize walihesabu mpaka ngapi. Muulize nani alikuwa mbele yake kwenye mstari na nani nyuma. Mtu wa miavuli hasahau aliyekuwa mbele yake.

Tulipokuwa tunatoka, baba akaomba tumpigie mama vidio. Kenya ilikuwa usiku tayari, akapokea amejifunga leso kichwani, anakaribisha simu machoni vile huwa wanafanya. Baba akarudi pale pale chini ya ule mwavuli wa duara, akainua simu juu ili aone. Mama akatazama kitambo. Akauliza, "Ni mingapi hapo?"

Baba akamwambia, "Ni miwili tu. Yote imefunguka."

"Haya," mama akasema. "Ingieni ndani basi."